Uzi: Kupima paa kwa droni – hesabu urefu kuanzia paani, si pale uliposimama

JichoLaJuu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Napima mapaa kwa droni kwa miaka kadhaa sasa, na swali ninaloulizwa zaidi na wanaoanza ni hili: "Nimerusha vizuri, picha zimetoka safi, mbona modeli (umbo la jengo ambalo kompyuta inaliunda kutokana na picha) ina matundu juu ya paa wakati uwanja na magari vimetoka vizuri?" Nimeona nilijibu hapa kwa kirefu, maana kosa hili limewahi kunipotezea siku nzima ya kazi na sipendi limkute mwingine.

Jengo lilikuwa la ghorofa saba, kimo chake kama mita 25, paa la zege lenye matangi ya maji na mashine za viyoyozi. Nilisimama chini uwanjani, nikaseti programu irushe droni kwa mita 40, picha zifunikane asilimia 75 kwenda mbele na asilimia 65 kati ya mstari na mstari. Droni ikapanda, ikaenda na kurudi kama anayelima matuta, ikatua. Usiku nikaiachia kompyuta ichakate. Asubuhi nafungua: kwenye maegesho unaona mpaka mistari ya rangi iliyochorwa chini, ila paa, ambalo ndilo nililoitiwa, limetoboka kama kitambaa kilicholiwa na panya.

Kalamu na karatasi ndivyo vilivyonionyesha kosa. Kamera yangu ilikuwa ya sensa ya inchi 1: upana milimita 13.2, kimo milimita 8.8, na lenzi yake ni ya milimita 8.8. Picha ina pikseli 5472 kwa 3648. Kwa kamera ya namna hii hesabu ni nyepesi: ukiwa mita 40 juu ya kitu, picha moja inafunika mita 60 kwa upana na mita 40 kwa upande wa mwendo. Programu ikasema, kupata asilimia 75 nipige picha kila baada ya mita 10, na mistari iachane mita 21. Ni sahihi kabisa, kwa ardhi.

Lakini paa liko mita 25 juu. Droni yangu ilikuwa mita 15 tu kutoka paani. Kwa umbali huo picha inafunika mita 15 kwa upande wa mwendo, nami bado nasogea mita 10 kwa kila picha. Kinachobaki kufunikana ni mita 5 kati ya 15, yaani theluthi. Upande wa mistari ndio ulioumia zaidi: picha ina upana wa mita 22.5, mistari imeachana mita 21, imebaki mita moja na nusu, hata asilimia 7 haifiki. Sehemu kubwa ya paa ilionekana kwenye picha moja au mbili tu. Programu ya kuchakata inahitaji kuiona nukta ile ile kwenye picha kadhaa, kutoka pembe tofauti, ndipo ijue nukta hiyo iko wapi. Ikikosa, inaacha tundu, au inabuni uso wa mawimbi ambao haupo.

Kwa hiyo kabla hujarusha jiulize: droni itakuwa mita ngapi kutoka PAANI? Rimoti inakuonyesha kimo kutoka pale ilipopaa. Haijui kuna jengo.

Programu yako ikiwa na sehemu ya kuandika kimo cha jengo, iandike. Isipokuwa nayo, unaweza kuizunguka. Jengo lile lile la mita 25, sasa narusha mita 55, yaani mita 30 juu ya paa. Nataka asilimia 80 juu ya paa: picha inafunika mita 30, kwa hiyo nipige kila baada ya mita 6. Kwa macho ya programu, inayodhani ardhi iko mita 55 chini, mita 6 ni kufunikana kwa asilimia 89. Basi naandika 89. Kwa upande wa mistari, nikitaka asilimia 70 paani, naandika 84. Picha zitakuwa nyingi, betri moja huenda isitoshe, lakini paa litatoka zima.

Kwa mita 30 kutoka paani, pikseli moja ya kamera hiyo inafunika kama milimita 8.2 za paa. Kwa mita 10 inashuka mpaka milimita 2.7. Ukiahidi mteja kwamba utamwonyesha ufa wa milimita 2 kwa picha za mita 30, umeahidi kisichowezekana. Ramani ya paa piga kwa mbali, ufa uufuate kwa karibu. Hizo ni safari mbili za kuruka, usizichanganye.

Karibuni kwa maswali.

FundiKenchi

Mkuu, shukrani kwa darasa. Mimi ni fundi wa kuezeka, droni sirushi, ila nimeanza kuletewa ripoti zake. Juzi nimepewa ya nyumba ya mteremko, imeandikwa eneo la paa ni mita za mraba 200. Nikapiga hesabu ya mabati kwa hiyo 200, nikaongeza ya kupandiana kama kawaida yangu. Tumefika karibu robo tatu ya upande wa pili, mabati yamekwisha. Mwenye nyumba ananiangalia mimi. Aliyepima anasema vipimo vyake ni sahihi. Nani mwenye kosa?

JichoLaJuu

Pole sana fundi. Bila kuiona ripoti siwezi kuhukumu, ila dalili zote zinaonyesha umepewa eneo la bapa, si la mteremko.

Ile picha kubwa iliyounganishwa inalitazama paa kutoka juu moja kwa moja. Ukichora mpaka juu yake, unapata eneo la kivuli cha paa wakati jua liko utosini. Bati halilali kwenye kivuli, linalala kwenye mteremko. Mteremko ukiwa nyuzi 30, gawanya 200 kwa 0.866, unapata mita za mraba 231. Hapo umepungukiwa na 31 kabla hujagusa kupandiana wala kofia za mgongo wa paa. Kwenye nyuzi 20 tofauti ni kama asilimia 6, watu wanaivumilia bila kujua. Kwenye nyuzi 45 ile 200 inakuwa 283.

Aliyepima huenda vipimo vyake ni sahihi kweli, ila alipaswa kuandika ni eneo la nini. Siku nyingine mwombe vitu viwili: kimo cha mgongo wa paa kutoka usawa wa ukingo wa chini, na umbali wa bapa kutoka ukingo hadi chini ya mgongo. Ukiambiwa mita 2.9 kupanda na mita 5 kwenda, pao lako ni mita 5.78. Hesabu hiyo unaifanya kila siku kuliko mimi.

FundiKenchi

Nyuzi zenyewe ni kama 30 hivi. Basi ndicho kilichotokea. Nitampelekea mwenye nyumba maelezo haya ayasome mwenyewe.

NdioNaanza

Kaka, mimi droni yangu ni ndogo ya kawaida, haina RTK, ule mfumo wa kurekebisha makosa ya GPS. Nimeambiwa na watu wawili kwamba kupima kwa droni ya hivi ni kujidanganya. Niache?

JichoLaJuu

Usiache. Ila elewa inakosea wapi.

GPS ya kawaida ya droni inaweza kukosea mita moja, mbili au zaidi. RTK inashusha kosa hilo mpaka sentimita chache. Sasa kwa paa moja, mara nyingi huulizwi paa liko wapi duniani. Unaulizwa lina urefu gani, upana gani, mteremko gani. Modeli nzima inaweza kuwa imehama mita mbili kuelekea mashariki na vipimo vyake vya ndani bado vikalingana. Cha kuogopa ni skeli: modeli nzima kuwa kubwa au ndogo kidogo kuliko jengo. Mita 20 ikitoka mita 20.3, kwa macho huwezi kuiona.

Dawa yake ni futikamba. Pima kingo mbili ndefu za jengo kwa mkono, zisizoelekea upande mmoja. Moja ipe programu kama kipimo cha kuweka skeli. Ya pili USIIPE. Modeli ikishakamilika, pima ukingo ule wa pili ndani ya kompyuta, ulinganishe na futikamba. Tofauti utakayoiona ndiyo uiandike kwenye ripoti, hata kama haikufurahishi. Mteja anayejua kwamba kipimo kinaweza kukosea sentimita 3 anapanga kazi yake vizuri kuliko aliyeambiwa hakuna kosa.

Ukiweka alama za kudhibiti, zile bango za miraba nyeusi na nyeupe, usizirundike zote ardhini. Modeli inaweza kukaa vizuri pale penye alama na kuelea pasipo na alama. Kama kuna ngazi salama ya kufika juu, weka hata mbili tatu kwenye paa lenyewe.

Na kimo kinachoonekana kwenye rimoti usikitumie kupima chochote. Kinatokana kwa sehemu kubwa na baromita, na mgandamizo wa hewa unabadilika wakati bado uko angani.

NdioNaanza

Nimekuelewa. Picha zangu nyingine zina ukungu fulani, si zote. Lenzi nimeifuta.

JichoLaJuu

Kasi. Droni ikienda mita 5 kwa sekunde na shata (kilango cha kuingizia mwanga kwenye kamera) ikakaa wazi 1/500 ya sekunde, katika muda huo imesogea milimita 10. Kwa pikseli ya milimita 8 kama ya mfano wangu, kila nukta imevutwa zaidi ya pikseli moja. Nenda 1/1000 au punguza mwendo. Kamera ikiwa kwenye otomatiki, wingu likipita inafungua shata muda mrefu, jua likirudi inafupisha, ndiyo maana unaona baadhi tu zimeharibika. Funga mipangilio ya mwanga ya kamera kwa mkono kabla ya kuanza. Kama paa ni jeupe au bati jipya, punguza mwanga kidogo, maana likishatoka jeupe tupu kwenye picha hakuna cha kuokoa.

Kiunzi

Niongeze kuhusu mabati, dada yenu ninafanya kazi ya ukaguzi wa majengo ya viwanda. Bati la migongo ni gumu kwa programu kwa sababu mbili. Linang'aa, kwa hiyo doa la jua linahama kila droni inaposogea, na programu inalishika doa ikidhani ni kitu. Halafu migongo yote inafanana, mgongo wa 40 ni sawa na wa 41, programu inaunganisha isivyo. Mimi nachagua siku ya mawingu mepesi yaliyotanda sawasawa. Kasoro kama bati lililobonyea nazifuata asubuhi au jioni, jua likiwa chini, kwa sababu kivuli kirefu ndicho kinacholionyesha bonde. Saa sita mchana paa lilelile linaonekana limenyooka kama kioo.

Swali langu: mara mbili nimepaisha droni kutoka juu ya paa la bati, ikaanza kuzunguka kama imelewa, ikaelekea pembeni yenyewe. Nilifanikiwa kuitua. Ni nini?

JichoLaJuu

Dada Kiunzi, hiyo ya migongo kufanana ni kweli tupu, asante kwa kuiweka.

Kilichokupata ni dira. Droni ina dira inayosoma sumaku ya dunia, na ukiiweka juu ya chuma inasoma chuma. Ikipaa, GPS inasema inaelekea huku na dira inasema inaelekea kule, na inajitahidi kujirekebisha kwa taarifa zinazopingana. Paa la zege nalo lina nondo ndani, linaweza kufanya hivyohivyo. Paisha kutoka ardhini, mbali na magari na mifuniko ya chuma. Kama huna budi kupaisha kutoka juu, inua kwa meza ya mbao au kreti ya plastiki, na usifanye kalibresheni ya dira ukiwa hapo, maana utakuwa umeifundisha kosa.

Lingine linalohusu majengo: kujirudisha yenyewe mawasiliano yakikatika. Droni nyingi hupanda kwanza mpaka kimo ulichoseti, ndipo zirudi. Ukiwa unakagua chini ya ukingo wa paa, kwenye fisha bodi (ule ubao wa ukingoni), mawasiliano yakikatika itapanda moja kwa moja na kupiga ukingo kwa chini. Kwa safari hizo za chini ya ukingo iseti isimame angani badala ya kurudi. Kwa safari za ramani, iseti irudi kwa kimo kilicho juu ya mnara na antena ndefu kuliko zote zilizo jirani.

Kiunzi

Chini ya ukingo sikuwa nimefikiria kabisa. Nabadilisha leo.

Na niseme neno kwa ambao bado wanaona droni ni ya kupigia picha za harusi. Mapaa ya asbesto ya zamani huwezi kujua kwa macho kama yatakubeba. Mtu anakanyaga, sahani inavunjika ghafla bila hata kupasuka kwanza, anatumbukia mpaka sakafuni. Hali ni hiyohiyo kwa sahani za plastiki za kuingizia mwanga, ambazo zikichafuka zinafanana na bati. Mimi sipandishi mtu kwenye paa la namna hiyo kabla sijaliona lote kutoka juu. Ila droni isishuke karibu sana na asbesto iliyovunjika, upepo wa propela unatimua vumbi lake, na vumbi hilo si la kuvuta.

MajiYaDari

Wakuu, mimi nina paa la bapa, linavuja, mafundi watatu wameziba sehemu tatu tofauti na bado linavuja. Nasikia kuna droni za kamera ya joto zinazoonyesha maji. Ni kweli?

JichoLaJuu

Kamera ya joto haioni maji, inaona joto la uso wa kitu. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utapata jibu.

Paa la bapa lenye tabaka la kuzuia joto chini ya utando wake, likishaingia maji, ile sehemu mbichi inakuwa nzito. Mchana inanyonya joto la jua. Jua likizama, sehemu kavu inapoa haraka, mbichi inachelewa. Kuna kipindi, kama saa moja mbili baada ya jua kuzama, ambapo eneo lililolowa linang'aa kwenye picha kama ramani ya kisiwa. Kuna kiwango cha kimataifa cha kazi hiyo, ASTM C1153, na kinataka mambo unayoweza kuyabashiri: paa liwe kavu juu, siku iwe ya jua, upepo uwe mdogo.

Nakumbuka paa moja ambalo doa lilikuwa karibu mita 6 kutoka pale maji yalipodondokea ndani. Liliota kuzunguka tundu la kutolea maji, kingo zake zimenyooka kwa sababu lilifuata vipande vya tabaka vilivyo mraba. Tulikata kipande kidogo katikati ya doa na kingine pembeni pakavu. Cha pembeni kilikuwa chepesi kama kizibo. Cha katikati nilikiminya, maji yakanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Kukata huko ndiko uthibitisho. Doa la joto peke yake linaweza kuwa kiraka kinene, bomba la maji moto lililo chini, au rangi tofauti.

Mafundi wako huenda wameziba pale unapoona tone. Maji yanaingia pengine, yanatembea juu ya zege, yanashuka penye ufa.

Lakini kama paa lako ni zege tupu lenye lami, bila tabaka la kuzuia joto, tofauti itakuwa hafifu. Na bati linalong'aa usilipige kamera ya joto kabisa: linaakisi anga, utaona baridi kali ambayo haipo. Kwako ningeanza na picha za kawaida siku mbili baada ya mvua. Maji yaliyobaki baada ya saa 48 yanakuonyesha pa kuanzia, na hata yakikauka yanaacha mduara wa uchafu unaoonekana wazi kutoka juu.

MajiYaDari

Ni zege lenye lami. Basi nasubiri mvua. Asante kwa kunizuia kulipia kisichonifaa.

FundiKenchi

Mkuu, heshima yako, ila kuna wanaodhani sasa ngazi haina kazi. Ubao uliooza ndani, kwa juu una rangi nzuri. Msumari uliolegea unakaa palepale mpaka uutikise. Mimi nabonyeza kwa kidole gumba, nagonga, nasikiliza. Droni itasikiliza nini?

JichoLaJuu

Haitasikiliza, fundi, na sikupingi hata kidogo. Mbao za kenchi haizioni, chini ya kofia haioni, mkono haina. Kazi yake ni kukuambia ngazi uiegemeze wapi, na wapi usikanyage. Nikimaliza kupiga, napenda fundi mwenyewe akae nami kwenye kompyuta, tupitie mgongo kwa mgongo. Yeye anaona vitu ambavyo mimi navipita: raba ya msumari iliyopasuka, kutu iliyoanza pale mabati yanapopandiana, bonde la paa lililojaa majani mpaka maji yanarudi nyuma chini ya bati.

Na pako mahali ambapo hakuna ngazi ya kuegemeza. Kanisa kuu la Notre-Dame la Paris lilipoungua, 15 Aprili 2019, wazima moto walirusha droni kuona moto unaelekea wapi juu ya paa.

Kiunzi

Sheria nayo isisahaulike. Ulaya kikomo cha kawaida ni mita 120, Marekani ni futi 400, ambazo ni kama mita 122, na kila nchi ina vibali vyake. Hata ukiwa na kibali, kuruka kwa mistari kunakupitisha juu ya nyua za jirani. Mimi nagonga milango ya jirani siku moja kabla. Ukishaelezwa mapema hushtuki ukisikia mlio juu ya kamba yako ya nguo. Na ile sehemu ya picha yenye uwanja wa mtu naikata kabla sijakabidhi.

NdioNaanza

Kaka JichoLaJuu, narudi na majibu. Leo nimerudia jengo langu, kimo mita 12. Nimerusha mita 42, mita 30 juu ya paa, nikaandika 86 ili nipate 80 paani. Futikamba ukingo wa pili mita 18.40, modeli inasema 18.42. Matundu yote yameziba isipokuwa chini ya tangi la maji, na ukuta mfupi unaozunguka paa umetoka umepinda kama nta iliyoyeyuka. Nirudie yote?

JichoLaJuu

Sentimita 2 kwenye mita 18, hongera sana. Usirudie yote. Picha zako zote zimetazama chini moja kwa moja, kwa hiyo hakuna hata moja iliyoona ubavu wa ukuta wala chini ya tangi. Zunguka jengo mara moja, kamera imeinama nyuzi 45 na kuelekea ndani, hatua fupi fupi, halafu zunguka mara nyingine ukiwa chini kidogo kwa ajili ya tangi. Uziunganishe na zile za leo kwenye mradi uleule. Ila nenda saa ileile uliyorusha leo, vivuli vikae palepale, la sivyo programu itakutana na kivuli cha tangi mahali pawili na kukichukulia kuwa vitu viwili.